Ng'ombe wa Kupewa Hauzwi Kimya

Mwaka ule Hakorimana alizijua kwa sauti pikipiki zote zinazopita Muheto. Ya mwalimu ilikohoa kwenye mteremko. Za wabeba jibini wanaoteremka Sake zilikuwa na honi ya kuimba. Ya Patient ilikuwa mpya na haikupiga kelele, ndiyo maana aliiogopa kuliko zote: ilikuwa inafika karibu kabla hajaisikia. Akiisikia, aliacha jembe pale pale, akaingia katikati ya mahindi na kuchuchumaa. Alikuwa mtu mrefu, karibu miaka hamsini, anayebeba msalaba siku ya Ijumaa Kuu. Watoto wake walizoea kujibu, bila kufundishwa na yeyote, "Papa haiko."

Nyumba yake iko ng'ambo ya kijito chetu. Mengi niliyaona kwa macho. Yaliyobaki walinieleza wenyewe, yeye na mke wake Nyiransengimana, baadaye, walipoweza kuyasema.

Deni lilianza na safari ya Itebero. Watu walikuwa wanasema kule msituni, Walikale, wachimba madini wananunua chumvi, sabuni na boti za mpira za kuvaa matopeni kwa bei yoyote. Hakorimana akakopa dola mia mbili kwa Patient, mkopeshaji mwenye duka kwenye soko la Mushaki, akamwandikia shamba lake la chini kuwa dhamana. Kwa Patient pesa huzaa. Kila mwezi unampelekea "mtoto", dola thelathini, na mama yake anabaki kama alivyokuwa mpaka siku utakayomrudisha mzima. Hakorimana akafunga mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akaingia msituni pamoja na wabeba mizigo wengine.

Kule Itebero vitu viliisha haraka. Ila wachimbaji hawakuwa na pesa mkononi. Walisema watalipa shimo lao likitoa. Yeye hajui kumkatalia mtu, akawapa. Asubuhi moja milio ya bunduki ikasikika nyuma ya mto, na kijiji kizima kikatawanyika kama kuku. Wadeni wake walikimbia na boti zake miguuni. Alirudi na madumu mawili ya mawese, na kwenye kizuizi cha kamba barabarani wenye bunduki wakamwomba moja.

Nyumbani alisema biashara imeenda vizuri kidogo. Hapo ndipo alipopotea. Angesema ukweli siku ile, angekuwa na deni moja. Lakini ili mke wake asijue, alimwomba achukue mbele ya wakati zamu yake kwenye likilimba, ile ya akina mama wanaokusanya pesa na kupeana kwa zamu, eti anunue mbegu za viazi. Pesa ile akampelekea Patient. Ikaliwa kwa miezi miwili. Kisha akauza maharagwe yake yakiwa bado maua shambani, kwa nusu ya bei, nazo zikaliwa. Patient alipoona miezi inapita na mtoto haletwi, na deni sasa linakaribia dola mia nne, akauliza ana nini kingine.

Hakorimana akasema ana ng'ombe.

Ni lazima nieleze habari ya ng'ombe huyu. Alikuwa na rangi ya udongo mwekundu, akiitwa Gaju. Hakununuliwa. Alitolewa na Kanyamibwa, mfugaji wa Mushaki, kwa sababu wakati mmoja wa kukimbia vita Hakorimana alilinda ng'ombe wa Kanyamibwa kwenye vilima mpaka wenyewe wakarudi, na hakukosekana hata mmoja. Kwetu ng'ombe wa namna hiyo ana kamba mbili. Moja iko mkononi mwa aliyepewa. Nyingine, isiyoonekana, iko mkononi mwa aliyetoa. Mtamba wa kwanza atakayezaliwa hurudi kwa aliyetoa, na ng'ombe mwenyewe hauzwi kabla mtoaji hajaambiwa. Ukimuuza kimya, hakuna atakayekupa ng'ombe tena, wala wewe wala watoto wako, na hata kwenye harusi watu watakuachia nafasi kubwa kwenye benchi. Gaju alikuwa amezaa mara mbili, madume tu. Mtamba wa Kanyamibwa alikuwa bado hajarudi. Na sasa Hakorimana alikuwa amemweka rehani Gaju kwa Patient, kwa maneno tu, bila kumwambia mtu.

Nyiransengimana alijua siku Patient alipokuja na asiende mlangoni. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Patient alisimamisha pikipiki, akaenda moja kwa moja penye ng'ombe, akaweka kiganja ubavuni mwake na kukiacha hapo muda.

"Jambo, Mama Nadine."

"Jambo, Papa. Bwana haiko."

"Minajua. Siku zote nikifika, haiko. Ni muntu ya kazi sana." Akainama kutazama kiwele. "Iko na mimba ya miezi ngapi?"

"Unauliza kama muganga ya ngombe?"

"Minauliza kama mwenye ngombe, Mama. Mwenye ngombe anaulizaka." Akajifuta kiganja kwenye suruali. "Umuambie, mavuno ya maharagi ikiisha, siku ya soko, nitakuya na kamba. Aikatie majani ya muzuri mbele ya pale. Sipendi ngombe yangu ikonde."

Sauti ya pikipiki ilipoisha kwenye kona, Nyiransengimana aliweka mtwangio chini, akaenda kwenye mahindi.

"Papa Nadine, toka. Ameenda."

"Nani?"

"Mwenye ngombe."

Hakorimana alitoka na majani ya mahindi kichwani. Aliniambia kwamba maishani mwake amesikia mabomu, amelala msituni na watoto, lakini hajawahi kuogopa kama siku ile, mbele ya mke wake mwenye mikono ya kijani ya sombe. Alisema yote. Itebero, boti, likilimba, maharagwe yaliyouzwa yakiwa maua. Alipofika kwa Gaju alisema akiangalia chini.

Mke wake akauliza neno moja.

"Kanyamibwa anajua?"

"Hapana."

"Basi haukuweka rehani. Umeiba."

Hakulia, wala hakumtukana. Alienda ndani, akaleta gigozi, kile kikopo cha maziwa ya unga ambacho kwetu kila mama hupimia maharagwe. Akakiweka katikati yao.

"Hii njo ilikuwa inatosha siku moja," akasema. "Kuanzia leo itatosha siku mbili. Tutajazia na sombe na majani ya lengalenga. Sukari, hapana. Pombe ya Jumapili, hapana. Kwa harusi ya batu tutapeleka mikono, hatutapeleka franga."

"Batu watasema."

"Wataanza? Unazani ule Patient anasema ngombe yake kwa kimya?"

Maneno hayo yalimtia hofu mpya. Mpaka pale alifikiri siri ni yake na Patient tu. Sasa aliona Patient dukani kwake Mushaki, amekaa kwenye gunia la chumvi, akiwaambia wanunuzi kwamba hivi karibuni atakuwa na ng'ombe wa Kanyamibwa. Na Kanyamibwa anaishi Mushaki.

Nyiransengimana alianza na deni lililo karibu. Alienda kwa Adelaïde, mkubwa wa likilimba, mwanamke mwenye mdomo unaojulikana mpaka Masisi, akasimama mbele ya akina mama wote.

"Nilikula zamu yangu mbele ya saa, na sina ya kuweka," akasema. "Munipe jembe. Nitalima kwa kila mumoja siku zake, mpaka iishe."

"Mama Nadine," Adelaïde akasema, "sisi tulizani bwana yako alirudia na dhahabu ku Itebero."

"Alirudia na dumu moja ya mawese. Na nusu yake mulikuya kuomba mukaipikia sombe."

Wakacheka, na Adelaïde mwenyewe akacheka mwishoni. Wakakubali nusu ilipwe kwa jembe, na nusu kwa pesa baada ya mavuno. Kuanzia hapo nilimwona Nyiransengimana akipita alfajiri kwenda kulima mashamba ya wengine, na akirudi analima la kwake. Hakorimana naye alienda kulima kwa pesa kwenye malisho ya wenye ng'ombe wengi, kazi ambayo wanaume wa umri wake hawapendi kuonekana wakiifanya. Kila jioni walihesabu kilichoingia na kilichotoka. Njaa ilionekana kwenye shingo za watoto. Nadine, mkubwa wao, aliacha shule muhula mmoja, akasema mwenyewe kwamba atarudi.

Lakini hesabu ilikataa.

"Angalia," mke akamwambia usiku mmoja. "Kila mwezi tunalisha mutoto ya deni. Mama yake anakaa tu, ananenepa. Hatutamuua kwa jembe."

"Tufanye nini?"

"Gaju auzishwe. Ila tumuuzishe sisi, ku soko, kwa bei yake. Patient anamuhesabu dola mia tatu. Ku soko, na mimba yake, anapita mia tano. Tunamupa yake, tunamaliza likilimba, shamba inabakia."

Hakorimana alikuwa tayari amejua kinachofuata.

"Na Kanyamibwa?"

"Utaenda kumuambia."

Mtoaji akikasirika anaweza kumrudisha ng'ombe wake nyumbani, na hakuna atakayemlaumu. Hapo Patient angechukua shamba la chini, lile aliloandikiwa siku ya mkopo, na bila shamba lile mtu wa Muheto ni mpangaji tu kwenye kilima cha baba yake. Hakorimana aliahirisha wiki moja, kisha nyingine. Mara mguu unamwuma, mara barabara si nzuri. Mwisho alisema kwamba mtu haendi kwa mtoaji wake mikono mitupu, lazima apeleke dumu la pombe ya ndizi, na akaanza kufikiri nani angemkopesha bei ya pombe.

Mke wake akamwuliza:

"Unataka kukopa pombe ya kuenda kusema sababu ya deni?"

Hata yeye aliona. Siku ile walicheka kidogo, mara ya kwanza tangu Patient aweke kiganja juu ya ng'ombe.

"Kata majani," mke akasema. "Zamani baba yangu alikuwa anapelekea aliyemupa ngombe majani. Majani haiko na bei."

Aliondoka kukiwa bado na giza. Hakuogopa vizuizi vya njiani siku ile, alisema, kwa sababu hofu moja ilikuwa imejaza nafasi yote. Karibu na Mushaki aliteremka bondeni, akakata majani marefu mabichi, akafunga mzigo mkubwa na kuuweka kichwani. Aliupandisha mpaka kwenye boma la Kanyamibwa. Maji ya majani yalikuwa yanamtiririka shingoni, naye hakujua yapi ni maji na yapi ni jasho.

Kanyamibwa alikuwa amepiga magoti kwenye tope, amevaa koti zito na boti, anamlazimisha ndama mgonjwa kumeza dawa kwa chupa. Ni mtu mfupi mwenye hasira za haraka. Hakuinua kichwa.

"Weka pale. Wewe ni mutumishi ya nani?"

"Ni mimi, Muzee. Hakorimana ya Muheto."

"Hakorimana." Ndama alikohoa dawa, Kanyamibwa akamfunga mdomo kwa mkono. "Ule muntu nilizani alikufa. Mukandori," akamwita mke wake aliyekuwa anaosha vibuyu vya maziwa, "haukuniambia Hakorimana alikufa?"

"Nilisema amepotea," mama yule akajibu. "Kupotea na kufa haiko moja."

"Basi, sema neno lako. Leo umebeba majani kama muntu mwenye zambi," Kanyamibwa akamwambia Hakorimana.

Hakorimana alitaka kuanza na salamu za nyumbani, kisha hali ya mvua, kisha afya ya ng'ombe, kama inavyofanywa. Ulimi ukakataa. Akasema yote kwa mara moja, amesimama, nao mzigo bado uko kichwani kwa sababu alisahau kuutua: kwamba alikopa, kwamba alipoteza, kwamba aliweka Gaju rehani bila ruhusa, na kwamba sasa anaomba kumuuza mwenyewe sokoni.

Kanyamibwa alimwachia ndama. Alijifuta mikono kwenye koti polepole.

"Patient alikuya hapa," akasema. "Mwezi ya jana. Aliniuliza kama ngombe zangu zinatoaka maziwa mingi, anataka kujua juu ya ile yake. Nilicheka na yeye. Alipoondoka sikukula."

Akafunga chupa ya dawa.

"Unaomba nini? Useme tena, na kichwa yako iwe wazi. Tua ile mzigo."

Akatua. Akasema tena.

"Nimesikia," Kanyamibwa akasema. "Rudia kwako."

"Muzee, nimuambie Mama Nadine nini?"

"Umuambie nimesikia."

Ndilo neno alilorudi nalo Muheto. Nyiransengimana alimwuliza mara tatu kama hakuna kingine. Hakukuwa na kingine. Kati ya siku ile na siku ya soko Hakorimana hakulala vizuri. Alikuwa anaamka kwenda kugusa shingo ya Gaju, kuhakikisha kwamba yuko, kisha anasimama pale nje kwenye baridi akisikiliza barabara.

Siku ya soko mume na mke walimpeleka Gaju Mushaki pamoja, mmoja mbele na kamba, mwingine nyuma na fimbo. Nami nilikwenda, nilikuwa na viazi vya kuuza. Walimfunga kwenye mti wa uwanja wa ng'ombe. Wanunuzi walikuja haraka, maana alikuwa mzuri, ngozi inang'aa, mimba inaonekana. Mmoja alipapasa mgongo, akataja dola mia tano. Mwingine akaongeza.

"Alitoka wapi?" akauliza mzee mmoja mwenye kofia ya sufu.

Hakorimana akajibu: "Nilipewa na Kanyamibwa."

"Kanyamibwa anajua?"

"Nilimuambia."

"Na yeye alisema nini?"

"Alisema amesikia."

Yule mzee alirudisha mkono wake mfukoni. Aliyetaja mia tano alikumbuka ana mtu wa kuonana naye upande wa mbuzi. Uwanja ukafanya mduara mtupu kuzunguka Gaju, kama unavyozunguka nyumba ya mgonjwa. Kwetu hakuna anayenunua ng'ombe wa kupewa kabla mtoaji hajafungua mdomo.

Ndipo Patient alipofika. Alikuwa na kamba mpya ya manjano begani, amevaa miwani ya jua. Alisimama karibu nao.

"Naona munatembeza ngombe yangu," akasema. "Asante. Mumenipunguzia njia."

"Bado saa," Nyiransengimana akasema.

"Saa gani, Mama? Soko inaisha. Hakuna muntu anataka. Mia tatu yangu iko pale pale, na iliyobakia bwana yako atanionesha mupaka ya shamba." Akaanza kufungua fundo la kamba mtini.

Hakorimana alishika kamba upande wa pili. Hakuvuta, wala hakuachia. Alikuwa ameshika tu, anaangalia njia inayotoka kwa Kanyamibwa, na mke wake anaangalia njia hiyo hiyo, na mimi pia niliiangalia, nikasahau mteja aliyesimama mbele yangu.

Kanyamibwa alikuja kutoka upande mwingine kabisa, nyuma yetu, kutoka kwa muuza dawa za mifugo, na chupa mkononi. Hakumsalimu mtu. Alienda mbele ya Gaju, akamkuna kati ya pembe.

"Ngombe hii niliitoa mimi," akasema kwa sauti ya kawaida, na uwanja ukanyamaza ili umsikie. "Muntu niliyemupa alikuya kwangu na miguu yake, akaniambia. Nimeachilia kamba. Anayetaka anunue." Kisha akamgeukia Patient. "Wewe ukitaka, ununue pia. Bei ya soko."

Patient alivua miwani, akaifuta. Hakununua. Yule mzee wa kofia ya sufu alitoa dola mia tano na ishirini. Patient alihesabiwa zake pale pale, mbele ya watu, akazihesabu mara ya pili, akaondoka na kamba yake ya manjano. Adelaïde alilipwa jioni ile ile. Zilizobaki zilinunua mbegu za maharagwe, zikamrudisha Nadine shuleni, na zikatosha kondoo mmoja.

Kabla hawajaondoka sokoni Hakorimana alimfuata Kanyamibwa amshukuru. Yule mtu alikuwa bado na hasira.

"Usinishukuru. Mutamba yangu iko wapi?"

"Ameenda na mama yake, Muzee."

"Basi unanidai... hapana, mimi njo ninakudai. Mutamba. Siku utakuwa na ngombe, ao mutoto wako atakuwa nayo. Na ndama yangu alipona, anakula sana."

Hakorimana alielewa. Mpaka leo, kila baada ya majuma machache, anakata majani bondeni na kuyapandisha Mushaki. Mke wake anasema deni hilo linaweza kukaa, kwa sababu halizai, linakula majani tu. Gigozi bado inatosha siku mbili, ingawa sasa wangeweza kurudi kwenye moja. Nyiransengimana hajataka. Anasema anataka kwanza kuona mavuno mawili yakipita bila mtu kuulizia mimba ya mnyama wake.

Juzi nilikuwa kwao, tunakula mahindi ya kuchoma nje, pikipiki ikaja kimya kimya kwenye kona. Ilikuwa ya Patient. Hakorimana alikuwa amesimama kabla sisi hatujasikia kitu, uso umeelekea shambani.

"Keti, Papa Nadine," mke wake akasema. "Ule hatudai tena."

Patient alipita bila kugeuza kichwa. Hakorimana aliketi. Lakini hakulirudisha hindi mdomoni mpaka sauti ile ilipovuka daraja.